Nyatiti ya Nyuzi Sita

Rangi ya waridi inanitia kinyaa. Nikiiona kwenye keki, hata kwenye kucha za watu kanisani, natazama kando, maana najua niliipaka wapi.

Baba yangu alikuwa mpiga nyatiti, kile kinanda chetu cha nyuzi nane, na rangi nilijifunza kwake kabla sijashika brashi. Nilipokuwa mdogo nilimwambia uzi mnene unalia kahawia, kama maji ya ziwa baada ya mvua, na ule mwembamba unalia manjano. Hakunicheka. Aligusa uzi mmoja mmoja akiniuliza, "Na hii je?" Alikufa bila kupigwa hata picha moja ya maana.

Basi mwenye hoteli mmoja pale Kisian aliponipa ukuta mzima unaotazama barabara nimchoree mpiga nyatiti, nilimchora baba. Nilichora mashavu yake yaliyobonyea, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu alichogongea mdundo, na nyuzi nane, kila moja na rangi yake. Nilichora nikiimba nyimbo zake, na sauti ilipokataa nilijua rangi imekosewa, nikaifuta. Mama alishaniambia atakuja kumwona.

Mwenye hoteli alikuja na kijiti cha meno mdomoni.

"Fundi, hii rangi imelala. Watu wanataka mahali ya kupiga selfi. Weka pinki, weka bluu ya kuwaka. Hizo nyuzi punguza, wacha sita, ikae gitaa. Na huyu mzee amekaa mgonjwa, mnenepeshe kidogo."

Nilipaswa kumwambia apake mwenyewe. Nilisema, "Sawa, Bwana." Nilitaka wapita njia waulize ni nani amechora ukuta ule, na kwa tamaa hiyo nikamjaza baba mashavu, nikamvika shati la waridi, nikafuta nyuzi mbili kwa mkono wangu huu. Niliimba kwa mazoea tu. Rangi zile hazikuwa na sauti yoyote. Nilijichukia, na bado nikamaliza kazi vizuri.

Mama alikuja Jumapili baada ya kanisa. Alisimama mbele ya ukuta, mkoba kifuani, akatazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akazunguka nyuma ya jengo, akakaa kidogo, akarudi.

"Nyathina, mwanangu," akaniuliza kwa upole, "na baba yako umemchora wapi?"