Ua la Lushoto Kando ya Mtungi

Mume wangu alizaliwa Lushoto akauza kabichi Kariakoo mpaka alipofariki. Aliacha nguo, mizani, na ua moja kwenye kopo la rangi. Huchanua kwa vishada, maua madogo ya buluu yaliyobanana mpaka yanafanana na kabichi. Jina lake silijui. Tuliliita ua la kwao.

Siku ya arobaini, nguo zilipogawiwa, wifi yangu alitaka ua lirudishwe Lushoto kwa basi. Hakusema kwa ubaya. Alisema joto la Dar litaliua, na mimi ninakaa eda, sitoki, nani atalihangaikia?

"Wifi, nguo chukueni," nikamwambia. "Hilo haliendi."

"Haya. Likifa usije kunililia."

Kaskazi ilipopamba moto, majani yakaanza kunywea. Marehemu alikuwa akiliwekea vipande vya barafu juu ya udongo, basi nikamwomba jirani aniletee. Akaleta ya wauza samaki. Niliona magamba yameganda ndani, nikanyamaza kwa uvivu, nikaipanga kwenye kopo siku nne mfululizo. Majani yakaungua kingo. Siku ya tano nililamba kidole kilichoshika ile barafu: chumvi. Wauza samaki huitia ili samaki wakae zaidi. Jirani hana kosa. Niliyeliunguza ni mimi.

Sikumwambia wifi. Wala sikulipeleka kituo cha basi.

Mwisho wa ukumbi wetu kuna mtungi wa maji ya kunywa, umekaa juu ya mchanga ambao haukauki. Nikalichimbia kopo hapo, kwenye ubaridi. Eda yangu iliisha masika ikianza. Wakati Jangwani watu wanahamisha magodoro kwa mafuriko, mimi nilikuwa nalipeleka kopo uani mvua iuoshe ule udongo, maji yapite chini yatoke na chumvi yake.

Wapangaji wakapata la kusema. Jirani yuleyule akawaambia wenzake wakimenya vitunguu, "Mwenzetu katoka eda juzi, keshaolewa na ua."

Nikamwambia huyu angalau hakoromi.

Kipupwe nikawa nalitoa alfajiri lipate upepo, jua likichomoza nalirudisha kando ya mtungi. Likatoa majani mapya. Yale yaliyoungua sikuyakata. Vuli ilipokaribia likachanua kishada kimoja, kidogo kama ngumi, wala si cha buluu. Kilikuwa cheupe kinachoelekea waridi. Nilikaa chini nikakitazama, nikalia kidogo, nikaamka kupika.

Wifi alipokuja aliinama akakiangalia muda mrefu.

"Lile la kaka lilikuwa buluu."

"Lilikuwa. Hapa linatoka hivi."

Akagusa jani lililoungua, akauliza limepatwa na nini. Nikamweleza barafu, magamba, uvivu wangu, yote. Nilimngoja aniambie alinionya. Akaomba kitawi akakipande Lushoto.

Nikamkatia. Kopo nikalirudisha kwenye mchanga, maana jua lilikuwa limeshafika mlangoni.