Somo la Kiingereza Nililolifundisha kwa Kiswahili

Siku moja ya ujana wangu haijanitoka kichwani, mwanangu, tangu uliponipigia simu jana baada ya Alasiri unalia. Uliniambia mkaguzi wa chuo anakuja kukutazama Jumatatu hapo Paje unapofanya mazoezi ya kufundisha, na somo ulilopangiwa ni ile hali ya vitenzi vya Kiingereza ya kutaka na kudhania. Nilicheka, nawe ukakasirika. Nisamehe shangazi yako. Nilicheka kwa sababu somo hilohilo lilinitoa jasho mimi, hapa hapa mjini, nikiwa na umri kama wako.

Mara ya kwanza kukaguliwa nilishindwa. Babu yako, Mungu amrehemu, hakupiga kelele. Alisema tu kwamba nikishindwa na mara ya pili, nitakwenda kukaa kwenye duka la ami yangu Darajani niuze kanga. Kuuza kanga si kazi mbaya, ila mimi ualimu niliutaka tangu nilipokuwa nikiwafundisha wadogo zangu kwa mkaa ukutani (na nikichapwa kwa kuuchafua huo ukuta). Basi nikalihifadhi somo zima. Kila kanuni, kila neno gumu la kitabuni, nilikuwa naweza kulisema nimefumba macho.

Siku moja kabla ya ukaguzi wa pili nilikuwa peke yangu katika chumba cha walimu, nikijisomea kwa sauti. Akaingia Bi Mwatima, mwalimu mwenye lile darasa nililoazimwa, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo, Bi Mwatima."

"Marahaba. Nshakusikia tokea asubuhi unaimba tu. Umelielewa hilo somo?"

"Nimelihifadhi lote."

"Sikukuuliza hivyo."

Akavuta kiti, akaniambia kwamba nimejificha nyuma ya maneno makubwa, na watoto watajua tu kuwa mwalimu wao anaogopa. "Waulize wanavyotumwa majumbani kwao," alisema. "Hilo somo wanalo mdomoni. Anzia hapo."

"Kwa Kiswahili?" Nilishtuka. Pale skuli kwetu ilikuwa marufuku kutamka neno la Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza, na mwanafunzi akiteleza alitolewa nje. "Mkaguzi ataniangusha."

"Hilo lako na mkaguzi wako. Mie nshakwambia nnachokijua."

Akachukua chupa yake ya chai akaenda zake. Nilimkasirikia kweli.

Kesho yake mkaguzi akakaa nyuma kabisa na kalamu yake. Nikaandika ubaoni *I suggest that he come early*, yaani napendekeza aje mapema, nikaanza kumwaga kanuni. Watoto wakanitazama macho makavu. Halafu msichana mmoja, Zuwena, akanyoosha mkono akasema, kwa Kiingereza safi, kwamba nimekosea, maana mimi mwenyewe niliwafundisha kuwa akitajwa mtu mmoja kitenzi huvaa *s* mwishoni. Mkaguzi akaandika kitu. Kanuni zote zikaniruka, nikawa naona robota za kanga tu mbele yangu.

Nikaweka chaki mezani. "Zuwena," nikasema kwa Kiswahili, na darasa zima likageuka kumtazama mgeni, "mama akikutuma ukamwite kaka yako, unamwambiaje?"

"Namwambia, mama kasema uje."

"Humwambii, mama kasema unakuja?"

"Aa, mwalimu. Si bado hajaja? Mama ndo anataka aje."

Nilitamani kumkumbatia yule mtoto. Nikawaambia ndivyo na Waingereza wanavyofanya. Ile *s* ni ya jambo linalotendeka. Hapa hakuna aliyekuja, yupo tu mtu anayetaka mwenzake aje, kwa hiyo kitenzi kinabaki kitupu. Tukavuka kwenye kudhania. Sisi tunasema ningekuwa. Wao wanasema *If I were*, neno la watu wengi na la wakati uliopita, hata kama ni mtu mmoja na ni leo, kwa sababu msemaji anajua kuwa hayuko hivyo. Mvulana wa dawati la mwisho akasimama bila kuitwa: "*If I were the headmaster, I would close the school today!*" Darasa likaangua kicheko, na kila mtu akataka kuwa kitu: rubani, waziri, mke wa waziri. Yote kwa Kiingereza, mwanangu.

Kipindi kilipokwisha mkaguzi akaniita nje. Akasema Kiswahili kimezidi kidogo na hilo ataliandika. Kisha akasema hajawahi kulisikia darasa lile likizungumza, na kwamba nimefaulu. Nilimshukuru, nikaenda nyuma ya jengo nikalia mpaka nikachoka, halafu nikala urojo bakuli mbili, maana tangu jana yake chakula kilikuwa hakipiti. Bi Mwatima aliponiona aliuliza, "Umelielewa?" Nikamjibu, "Nimelielewa." "Haya," akasema, akaingia darasani kwake.

Kwa hiyo, mwanangu, futa machozi. Usiwasomee watoto kitu ambacho wewe mwenyewe hujakielewa, na ukikwama mbele yao usione haya kuwauliza. Usidhani lugha ya mama yako ni uchafu wa kufichwa mgeni akija. Ishike, ikufikishe kwenye hiyo nyengine. Mkaguzi akikwambia Kiswahili kimezidi, itikia kwa adabu, alimradi watoto wamefahamu.

Nami huku mjini nitakuwa kwenye msala wangu wa kuswalia asubuhi hiyo ya ukaguzi. Mungu akufungulie kifua chako, akupe ulimi mwepesi, awafanye watoto wakupende, na akurudishe kwangu Jumatatu jioni unacheka, tule urojo. Yote hayo bado hayajawa, mwanangu, ndiyo maana nayaomba.