Mvumo wa Spidi Themanini

Jumatano, tarehe kumi na tano Julai. Upepo tangu alfajiri. Jua lipo lakini halipashi kitu.

Jana nilimsema fundi wangu wa gari, wa mtaa wa Izia, mbele ya wateja. Nilimwambia bearingi ya gurudumu aliyonifungia Ijumaa ni mbovu, maana gari likifika themanini linavuma. Mteja mmoja wa mtaa wa Malangali alisikia, akaondoka na gari lake kabla halijaguswa. Tangu hapo sijatulia. Huenda nilikuwa na haki, huenda sikuwa nayo. Masikio yangu siyaamini sana.

Leo asubuhi nikamrudia, nikamwomba tutoke wote. Tukashika barabara ya Tunduma. Mke wangu alikaa nyuma, kwa kuwa ndiye aliyeusikia mvumo kwanza.

Themanini, ukaanza.

"Huo," mke wangu akasema. "Kama mtu anayeimba mdomo umejaa uji."

"Mama, ukinyamaza na mimi nitausikia," fundi akajibu.

Akaniambia nitoe gia. Injini ikatulia, mvumo ukabaki. Akaniambia niyumbe kidogo kushoto, kisha kulia, njia ilipokuwa nyeupe.

"Bearingi mbovu ukiiegemezea uzito hubadili sauti. Hii haibadiliki, mzee."

Nilidhani anajitetea. Akashusha kioo, akapeleka mkono juu, akaishika kamba iliyokatiza kwenye keria. Kimya. Akaiachia, mvumo ukarudi. Alifanya hivyo mara tatu.

Kamba ile niliifunga mwenyewe Jumamosi, nilipoleta mahindi toka shambani. Niliposhusha magunia nikaikaza tena pale pale, isipotee.

"Basi yameisha," fundi akasema.

"Hayajaisha. Nilikusema mbele za watu."

"Na mimi nilikutukana ulipoondoka. Tuko sawa."

Mke wangu akacheka. Mimi sikuona kama tuko sawa, kwani tusi lake halikumnyima mtu kazi. Tuliporudi Izia niliwaeleza waliokuwepo, kisha nikaenda Malangali kumtafuta yule mteja. Alinisikiliza vizuri. Gari lake lilikuwa uani, boneti wazi, fundi mwingine ameinama ndani.

"Umechelewa, kaka," akasema. "Labda siku nyingine nitampelekea."

Nilimfikishia fundi maneno hayo kama yalivyo, na ile "labda" yake. Nikamkaribisha aje kula kwetu. Akasema ana kazi nyingi. Sikuona gari hata moja pale.

Jioni tulikula ugali wa ulezi na samaki aina ya migebuka, mimi na mke wangu tu.