Kipanya Msumarini

Mkaguzi wa kurasa za mtandao haoni, na skrini ya kompyuta yake haijawashwa tangu aajiriwe. Kazi yake ni kibodi na sauti ya mashine inayomsomea mbio mbio kama dalali wa mnada. Wengine hawaambulii neno. Vidole vyake vifupi haviinuki, vinatambaa tu. Chai yake hukaa pembe ile ile ya meza, na ole wake atakayeisogeza. Na anayemletea ukurasa sharti kwanza akitundike kipanya cha kompyuta kwenye msumari wa mlangoni, kwa mkia, kama panya kweli.

Jumatatu alikuja mbunifu, kifua mbele. Ukurasa wake wa kuombea miadi hospitalini ulikuwa na mwezi tangu ufunguliwe, na kila aliyeuona aliusifu. Akatundika kipanya, akafumba macho kama alivyoagizwa, akajaza fomu kwa kusikiliza mashine iliyopunguzwa kasi. Mwishoni mashine ikasema, “Kitufe.” Akabonyeza kwenda mbele. “Kitufe.”

“Cha kutuma ni kipi, kaka?”

“Umevichorea picha, dada. Majina hukuvipa.”

Akabahatisha. “Fomu imefutwa,” ikatangaza mashine.

Mkaguzi hakucheka. Alinyoosha mkono moja kwa moja hadi kwenye chai, akapiga funda moja. “Pole. Mimi jana niliifuta mara nne. Wala sikuwa kazini. Nilikuwa namtafutia mama nafasi ya daktari.”

Mbunifu bado kafumba macho, mkono wake ukapapasa mezani kutafuta kipanya.