Majivu ya Msalaba wa Mkoma

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata diploma, na sikubebwa na mtu. Nilifanya vibarua Kitale, nikajisomesha, nikarudi Kakuma na kujenga nyumba ya mawe. Siku hizi watu wanaitumia kuelekeza wageni. Kanisani nasoma somo la kwanza bila kukwama, hata kwenye yale majina magumu ya Agano la Kale. Ndiyo sababu jumuiya yetu ilinichagua mwenyekiti, na kazi ya kukusanya matawi ikawa yangu.

Matawi tunayopunga Jumapili ya Matawi, kwetu ni ya mti wa mkoma, hayatupwi. Kila nyumba huyatunza mwaka mzima. Wengi huyasuka msalaba na kuuchomeka juu ya mlango. Kwaresima ikikaribia tena, yanarudishwa na kuchomwa, na majivu yake ndiyo tunayopakwa Jumatano ya Majivu.

Mwaka huu yalipatikana machache. Ukame ulikuwa umekaza, na mbuzi walikuwa wameyatafuna hadi yale ya milangoni.

"Mwenyekiti," jirani yetu, mama Mkongo wa kambi ya wakimbizi, aliniambia mbele ya watu, "munatuambia tufunge? Siye tulianza kufunga tangu posho ikatwe. Padri ndiye amechelewa!"

Watu wakacheka, kicheko kikavu.

Nyumbani kwangu msalaba ulikuwapo. Mdogo wangu aliusuka Jumapili ya Matawi iliyopita, akiwa amelazwa hospitalini Lodwar. Nilimpelekea jani moja. Vidole vyake vilikuwa mifupa mitupu, lakini alisuka hadi likaisha. Pasaka hakuiona. Mama alinyoa kichwa, akavua shanga zote, akauchomeka msalaba ule juu ya mlango wa chumba chake.

"Mama, lazima nianze na nyumba yangu," nilimwambia. "La sivyo nitaonekanaje?"

"Utaonekana una diploma." Hakuinua macho. "Nguo zake mligawa. Blanketi mkamzika nalo. Msalaba huu hautoki."

"Matawi haya yamebarikiwa, mama. Ni lazima yachomwe."

"Huo moto wako utanirudishia nini?"

Mimi ambaye sikosi jibu kwenye mikutano ya kaunti, nilianza kufuta vumbi kwenye diploma yangu ukutani.

Mama Mkongo, aliyekuwa amekuja kuazima ndoo, alisikia yote mlangoni. Akaingia, akaketi chini karibu na mama yangu.

"Miye niliacha kaburi ya mutoto wangu njiani," alisema. "Hata jani sina. Wako, mama, Jumatano watu wote watamubeba kwa paji ya uso."

Mama aliinuka, akampa ndoo.

Jioni nilipowasha moto nyuma ya kanisa, nilimwona mama anakuja peke yake, msalaba kifuani. Nilinyoosha mkono, akanipita. Aliinama akauweka motoni mwenyewe, na hakuondoka mpaka tulipokusanya majivu.

Jumatano padri alinipa kisahani nimsaidie upande wa akina mama. Nilipiga msalaba wa majivu kwenye mapaji, sauti yangu ikifika hadi nje: "Kumbuka u mavumbi wewe, na mavumbini utarudi." Mstari ukasogea, mama akasimama mbele yangu, kichwa chake kikiwa bado kimenyolewa.

"Kumbuka u..."

Nikakwama.

Alikitazama kisahani, akaniinamishia kichwa.

"Weka," alisema. "Weka mengi."