Jina la Nchi ya Papa Feza

Gundi ya unga wa muhogo ikichemka hutoa harufu ambayo si ya chakula wala si ya kitu kilichooza. Iko katikati, tamu kidogo na chachu kidogo, na ukiisikia tumbo halijui lifurahi au likatae. Juzi nilipeleka kitabu cha mwanangu kilichochanika kwa fundi mmoja wa kujalidi, na yeye, badala ya kutumia gundi ya chupa kama wenzake wa siku hizi, alikuwa na sufuria yake motoni. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Nikamwambia nitarudi kesho, nikaondoka karibu nikikimbia. Msinicheke.

Kwangu mimi harufu hiyo ni Muhima, Kigali, mwaka 1992, nyuma ya duka la vitenge, katika chumba kirefu chenye dirisha moja. Humo ndimo baba yangu alikuwa na mtambo wake wa kuchapa, ule wa kukanyaga kwa mguu, wenye herufi za madini ya risasi zinazopangwa moja moja. Alichapa kadi za harusi, kalenda na lebo za chupa. Mama alikwisha kufariki nikiwa mdogo, kwa hiyo nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba hicho, na vidole vyangu havikupata kuwa safi.

Mwenzake katika kazi alikuwa Papa Feza, mwalimu wa zamani kutoka Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi. Jina lake la shuleni sikulijua. Watu walimwita kwa jina la binti yake, kama kwao walivyozoea. Feza alikuwa rika langu, tulikuwa na miaka kumi, na hatukuachana ila usiku. Mama yake ndiye aliyenilisha. Sombe yake, yaani kisamvu kilichotwangwa kikapikwa na mawese, ilinifanya nisahau kabisa kwamba kwetu nyumbani chakula kilikuwa maharage ya Baba, ambayo hayakuwahi kuiva hata siku moja.

Wanaume hao wawili walikuwa wameamua kutoa kitabu. Kilikuwa kitabu kidogo cha kuingia mfukoni, cha wanafunzi na wachuuzi wanaovuka mipaka: nchi zote za Afrika kwa mpangilio wa herufi, kila moja na mji wake mkuu, fedha yake, mito yake na majirani zake, kwa Kiswahili na Kifaransa. Papa Feza aliandika, Baba akachapa. Waliwekeza humo kila walichokuwa nacho, na walikizungumzia kama watu wanaongoja mtoto.

Hakikuwa kipindi kizuri cha kungoja chochote. Vita vilikuwa kaskazini tangu mwaka 1990, na mjini hakuna aliyekaa akatulia. Vijana wa vyama walipita wakiimba na kofia zao za rangi, halafu kesho yake walipita wengine wenye rangi nyingine. Redio ilifunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena. Baba alikuwa hawezi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Gari likipunguza mwendo nje, mkono wake ulisimama juu ya herufi mpaka gari lipite. Nami niliambukizwa: nilikuwa natikisa mguu darasani hadi mwalimu akanihamishia benchi la nyuma.

Basi siku moja Baba, akipanga herufi, alifika kwenye K. Kenya ilipita salama. Komoro ikapita. Kongo ya Brazzaville ikapita. Halafu akanyanyua karatasi ya mwenzake akaisogeza dirishani.

"Papa Feza, Kongo iko moja, ile ya Brazzaville. Hii ingine umeandika ni nini?"

"Ni kwetu."

"Kwenu inaitwa Zaire."

"Inaitwaka vile na nani? Na mutu moja tu, prezida. Aliamka asubuyi akabadilisha jina ya inchi, ya muto, ya pesa, na ya batu. Miye nilizaliwaka Kongo."

Baba akacheka, akidhani ni utani. Papa Feza hakucheka. Alitoa mfukoni kitambaa akajifuta shingo, na mimi na Feza tukatazamana, kwa sababu baba yake alijifuta shingo namna ile tu akiwa amekasirika kweli.

Vikaletwa vitabu vya kuamua. Vilikuwa vizito vya Kifaransa, vya kuazima, na kila kimoja kilikuwa na jibu lake. Cha kwanza kilisema Kongo ya Wabelgiji. Cha pili, Kongo-Léopoldville. Cha tatu kilisema Zaire, na Baba akakigonga kwa kidole kama aliyeshinda karata. Papa Feza akarudi kwenye kile cha kwanza, akafungua kwenye R, akamwonyesha: Ruanda-Urundi, nchi moja, mji mkuu Usumbura.

"Soma, Baba Uwera. Kitabu inasema weye ni mutu wa Usumbura. Ulikubali?"

Tulicheka sote, hata Baba. Nikadhani yameisha. Sikujua watu wazima wanaweza kucheka pamoja na wakaendelea kugombana pale pale walipoachia.

Wiki iliyofuata kila asubuhi ilianza na Kongo na kila jioni ikaisha na Zaire. Papa Feza alisema kwao watu wakubwa wamekaa kwenye mkutano wa taifa, wanataka jina la zamani lirudi. Kitabu kitoke na jina la kesho, si la jana. Baba hakubishia historia hiyo. Alirudia jambo moja tu, huku akizunguka mtambo:

"Hii kitabu itapita mpaka. Askari atafungua, ataona Kongo, atauliza nani alichapa. Na chini ya ukurasa iko jina yangu. Weye unaandika, lakini jina iko ya mimi."

"Unaogopa neno moja?"

"Yego. Neno moja. Unafikiri watu wanafungwa kwa maneno ngapi?"

Nilimwona Baba mwoga, na iliniuma. Kwangu mimi nchi ile ingeweza kuitwa hata Sombe. Nilichotaka ni kwamba jioni nikienda kwa kina Feza nikute mlango wazi.

Siku hizo hizo nilikwenda na Baba Nyabugogo kuchukua karatasi za kuchapia. Njiani kulikuwa na kizuizi. Askari alichukua kitambulisho cha Baba, akasoma mahali pamoja tu, akamtazama pua, akasoma tena pale pale. Wengine wote wakapita. Baba akaambiwa asimame kando, juani, nami nikasimama naye, mpaka askari alipochoka kutuona. Nilifikiri picha ya kwenye kitambulisho ilikuwa mbaya. Nikamshauri akapige nyingine, avae tai. Baba alinishika kichwa, akasema, "Nitavaa, mwana wanjye."

Kisha Baba akaugua malaria. Alipokuwa kitandani, Papa Feza alimalizia kazi peke yake. Baba aliporudi chumbani, kurasa zote zilikuwa zimechapwa, zimekunjwa, zimeshonwa. Akafungua kwenye K. Kongo mbili zilikuwa zimekaa pale, moja chini ya nyingine.

Alipanga neno Zaire kwa herufi ndogo, akachapa karatasi nzima ya Zaire, akaikata vipande vyembamba. Akachemsha gundi. Hivyo ndivyo wachapaji walivyorekebisha kosa: unabandika neno sahihi juu ya lile baya, unalipitisha kidole, unangoja likauke. Kazi ya vidole vidogo ni kazi ya watoto, kwa hiyo akatuita. Mimi na Feza tukakaa chini, mkeka mmoja, tukabandika. Zaire ikakaa kati ya Kongo ya Brazzaville na Lesotho kama mgeni aliyekosea nyumba. Tuliona inachekesha. Tulishindana nani atabandika nyingi bila kuchafua Lesotho.

Papa Feza akaingia na mandazi kwenye gazeti. Alikuwa amekuja kumpa pole mgonjwa.

Baba hakuwa mtu mbaya, na naapa hakukusudia. Alitafuta vidole vidogo vinavyojua gundi. Hakukumbuka vidole vile ni vya mtoto wa nani. Kosa kama lile anaweza kulifanya mchapaji tu. Lakini Papa Feza alisimama akimtazama binti yake akifunika jina la nchi yake kwa kidole, akitabasamu, gundi hadi kwenye kiwiko. Aliweka mandazi juu ya mtambo.

"Feza," akasema taratibu, "nawa mikono."

Feza alinawa. Wakaondoka. Mwezi haukuisha wakawa wamehama, wamerudi Bukavu, na mimi nikarudi kwenye maharage ya Baba. Nilimchukia karibu mwaka mzima, nikajifanya simchukii. Vitabu vilivyobaki nilivibandika peke yangu.

Mji ulizidi kuchemka. Mwaka 1993 ulipita, 1994 ukaingia, na Baba akaacha kabisa kukaa. Alikula amesimama. Alizungumza na mimi huku akitazama mlango. Siku chache kabla ya Pasaka alimpa dereva mmoja wa lori maneno ya kupeleka Bukavu, kwa mdomo tu: je, Papa Feza anaweza kumpokea mtoto kwa likizo? Dereva akarudi na jibu. Papa Feza alisema: mlete.

Nilirukaruka kwa furaha. Sikujiuliza kwa nini Baba alikunja nguo zangu zote, hata sweta.

Tulimkuta Papa Feza upande wetu wa mpaka, karibu na daraja la Rusizi, amevaa koti lake la ualimu. Walishikana mikono wakakaa hivyo.

"Umekonda," alisema Papa Feza.

"Na weye umeota mvi."

Baba akamwambia kwamba kibali cha mtoto hakikupatikana. Alikwenda ofisini mara nyingi, wakamrudisha. Papa Feza akatikisa kichwa, akanishika mkono, na tukaanza kuvuka. Baba alibaki nyuma, amesimama, mikono haijui iende wapi.

Ng'ambo ya daraja askari kijana alitusimamisha, bunduki begani.

"Papa, uko naingia inchi gani?"

Nilijua jibu. Ningeweza kulisema mimi mwenyewe. Na nilijua pia, kwa sababu Feza alikuwa ameniambia kabla hawajahama, kwamba kwao aliyetaja Kongo mbele ya askari alihesabiwa mpinzani na kuwekwa pembeni.

Papa Feza alivua kofia. "Zaire, chef."

"Sikusikia."

"Zaire. Inchi yetu ya Zaire."

"Na huyu? Huyu ni mutoto wa Rwanda."

"Iko mutoto yangu wa kuzaa, chef. Anarudi kwabo, Zaire."

Askari alipenda mchezo ule. Akamrudishia swali tena na tena, na kila mara Papa Feza akajibu, kwa sauti, kofia kifuani, Zaire, chef, Zaire, mpaka yule kijana akachoka akatupungia tupite. Mimi nilikuwa nimejaa hasira. Mtu aliyevunja nyumba zetu mbili kwa ajili ya neno, leo analitoa bure barabarani! Tulipofika mbali nikamwuliza, "Papa, si ulisema ni Kongo?"

"Tembea, mutoto," akasema. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho.

Baba alirudi Kigali siku ile ile. Mauaji ya kimbari yalipoanza mwezi wa Aprili alikuwa Muhima. Walimsimamisha kwenye kizuizi, wakasoma kitambulisho chake, mahali pale pale pa kabila, neno moja. Sikumwona tena.

Nimekuja kuelewa polepole mno kwamba Baba hakuwa mwoga. Alitembea kila siku na neno lililochapwa mfukoni mwake, akajua linaweza kufanya nini. Na Papa Feza, pale darajani, naye alilijua hilo. Aliitaja ile Zaire kwa sababu nilikuwa nimejificha nyuma ya koti lake.

Serikali ya Zaire ilipoanguka mwaka 1997 na jina la Kongo likarudi, nilikuwa nimekwisha kurejea Kigali kwa shangazi. Nilisafiri hadi Bukavu makusudi nimwambie. Nilimkuta uani, watu mtaani wakipiga mapipa kwa shangwe.

"Papa, umeshinda," nikamwambia.

Hakusimama. Alinivuta nikae karibu naye, akajifuta shingo kwa kitambaa.

"Nimeshinda nani, Uwera?" akasema. "Mwenye alikuwa ananibishia hayuko."