Sauti Waliyoitoa kwenye Kompyuta ya Kaka

Kaka yangu haoni tangu utotoni, na kwa miaka kumi na minne hakuna karani pale mahakamani aliyechapa ushahidi haraka kuliko yeye. Sikio moja kwenye rekodi ya kesi, jingine kwenye kompyuta inayomsomea alichoandika, kwa Kiswahili, kwa sauti fulani kavu iliyokuwa ikiniumiza kichwa. Yeye aliiita Bi Mkubwa. "Bi Mkubwa kanikamata tena," alikuwa akisema kila akikosea, huku akicheka.

Jumatatu moja akawasha kompyuta. Kimya. Ijumaa iliyotangulia fundi alikuwa amesasisha mfumo wote, na sauti ikaondoka nao. Fundi akajaribu kuirudisha ile ya zamani, wapi! Mfumo mpya ukaikataa katakata. Msajili, bosi wao, hakuzunguka.

"Alhamisi nataka ushahidi wa rufaa mezani. Ukishindwa, nakuhamishia kwenye simu."

Kwenye simu! Mtu aliyechapa kesi za mauaji, leo aende kuwajibu wanaouliza ofisi inafungwa saa ngapi?

Kaka akaniita. Nikaacha cherehani na gauni la watu, nikaenda. Fundi akanionyesha tangazo la mtandaoni la watu wa kujitolea wanaotengeneza mfumo huo na kuamua programu zipi zibaki na zipi zitupwe. Nikamsomea Kaka: sauti ya Kiswahili imeondolewa miezi mitano iliyopita kwa kukosa mtunzaji, yaani mtu wa kuipima na kuirekebisha. Chini yake mmoja wao ameongeza: tangu tuitoe, hakuna aliyelalamika.

"Mdogo wangu," Kaka akasema, "wanaoitumia wangelalamikaje? Kompyuta zao zimekuwa bubu."

Damu ilinichemka. Hivi hawa watu wana akili timamu? Nilitaka kuwaporomoshea matusi, Kaka akanikataza, akanitajia maneno matatu manne ya heshima niwaandikie: yeye ni karani, anaitumia kila siku, anaomba irudishwe kabla ya Alhamisi.

Jumatano wakajibu, tena kwa upole, nikazidi kukasirika. Hawana hata mmoja anayejua Kiswahili. Hawawezi kujua kama inasoma sawasawa. Je, angekubali kuitunza yeye?

"Waandikie nakubali," akasema hapo hapo.

Kupima, kusahihisha, kungoja wao waipitishe: wiki tano, na Kaka yuko kwenye simu tangu ile Alhamisi. Sauti ikarudi, safi kuliko mwanzo, na watu asiowajua wanamwandikia kumshukuru. Nikaenda mwenyewe kwa msajili kumwomba amrudishie Kaka kiti chake. Akasema hongereni sana, ila kile kiti kimeshapata mtu, na barua yake ya ajira imeshatiwa saini.

Siku hizi karani mpya akishindwa kusikia shahidi anasema nini, humpigia Kaka kule kwenye simu na kumchezea kipande cha rekodi. Kaka humtajia neno kwa neno. Mimi ningemkatia simu.